Maji Maangavu ya Kwa Bibi Yako

Rahma mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Umetoka hapa dukani sasa hivi umenuna, umejifunga mtandio kama mtu anayekwenda kudai haki yake, ukasema unavuka Magogoni kwenda Kigamboni kumuaga shangazi yako Tatu. Yangu nayo unaijua, maana wewe ndiye uliyeniachia. Basi tuliruke hilo. Nimeswali alasiri, nimeshusha mlango wa chuma nusu ili wateja wadhani nimefunga, nimekaa juu ya mfuko wa chokaa naandika. Hata hivyo mmoja amekwisha kuinama akachungulia na kuuliza bei ya brashi. Kariakoo haina adabu ya kumwacha mtu peke yake.

Juzi ulipiga magoti jikoni, binti mzima mwenye shahada, ukaniambia, "Mama, naomba radhi zako." Nikakuuliza kama umeweka soksi nzito. Jana ukaomba tena, nikakuletea habari ya chaja ya simu. Leo umeomba hapa mbele ya mifuko, nikamgeukia mteja. Wewe si mjinga, mwanangu. Unajua mama akisema "haya nenda" hajasema "nimekuridhia". Kwenda utakwenda, tiketi unayo, lakini najua mtoto niliyemlea: bila radhi utakwenda na jiwe kifuani. Na aliyekuwekea jiwe hilo ni mimi.

Kwa hiyo sitakuandikia habari za kula, kulala na kufunga mlango. Hizo nimekupigia kelele wiki nzima. Nataka nikueleze kwa nini ulimi wangu umekwama. Kazi ya maabara uliipata hapa hapa bandarini, ya kiyoyozi, ya kurudi nyumbani jioni tukala pamoja. Ukaikataa, ukachagua kupanda treni mpaka Dodoma, na basi mpaka Singida, na gari la mradi mpaka kijijini kwa marehemu baba yako, ukahangaike na maji makali ya mgodi ulioachwa zamani, kabla baba yako hajazaliwa. Mama gani atafurahi? Mimi sikufurahi, na wala sikuficha.

Ili unielewe inabidi nirudi kwenye ile hadithi ambayo shangazi yako huisimulia katika kila harusi, na kila akiisimulia anaongeza chumvi. Leo isikie kwa mwenye kuumbuka.

Nilipoolewa na baba yako tulikwenda kwao nikaonwe. Ilikuwa Shawwal, nami nilikuwa nimefunga sita. Bibi yako Mwajuma, mama mkwe wangu, alinipokea kwa heshima zote, lakini desturi ya nyumba yake ilikuwa bibi harusi, awe binti wa nani, ateke maji kwa mkono wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata hiyo ya tatu haikusubiriwa. Shangazi yako Tatu akataka kunisindikiza, nikamwambia abaki, najua kuteka maji, mimi si yai.

Nikafika korongoni. Kumekauka, mchanga mtupu, na wanawake wamepanga foleni kwenye vishimo walivyochimba mchangani, wanachota kwa kata, taratibu, maji yenye rangi ya udongo. Nikatazama juu kidogo, chini ya lundo la mawe yaliyotolewa mgodini, magwangala wanavyoyaita, nikaona bwawa. Maji maangavu, Rahma. Unaona kila jiwe chini. Na hapana mtu hata mmoja. Sasa mtu wa Kariakoo akiona mahali hapana foleni hashangai, anamshukuru Mungu na kujipenyeza. Kwetu nilikulia kwenye kisima cha uani, maji ya chumvi, sabuni haitoi povu. Maji ya kung'aa namna ile tuliyajua ni ya kununua tu. Nikawaona wale wanawake washamba, astaghfirullah. Nikajaza ndoo yangu, nikapita njia ya pembeni ili wasinione nilivyoibeba vibaya. Ndiyo maana hakuna aliyenizuia.

Nikatia udhu kwa maji yale, macho yakawasha, nikasema ni vumbi. Nikasugua sufuria ya bibi yako, ikang'aa kama imetoka dukani, nikajisifu moyoni. Sikuonja hata tone, maana nimefunga. Alasiri wakaja wazee kumwona mke wa Athumani kutoka Dar. Nikachemsha chai, nikatia tangawizi, nikamimina maziwa, yakakatika. Mabonge yakaelea juu ya majimaji. Nikachemsha nyingine, ikakatika vilevile, na maziwa yenyewe ni ya asubuhi ile ile, ng'ombe kakamuliwa mbele ya macho yangu. Nikadhani nimerogwa.

Bibi yako akaingia jikoni, akanusa, akaitazama ndoo, akaitazama sufuria inavyong'aa, akajua. Mimi nalia. Mwanamke mwingine angetoka nje kunitangaza. Yeye alimwaga chai na maji yote nyuma ya nyumba, mbali na kuku, akashusha kibuyu cha mtindi alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Ijumaa, akatoka nacho mwenyewe kwa wageni. Akawaambia, "Mkwe wangu amefunga, na aliyefunga haonji chai. Leo mtakunywa mtindi. Chai yake mtakuja kuidai siku nyingine." Wazee wakacheka, wakanywa, wakaniombea dua ya uzazi. Wewe ni jibu la dua ile, kama hukuwa unajua.

Shangazi yako hadithi yake huishia kwenye mabonge. Kesho yake hakuwepo. Bibi yako alinishika mkono tukapanda mpaka chini ya lundo, akanionyesha mawe yalivyoota unga, mahali mweupe, mahali wa manjano kama binzari. Hakuninyooshea kidole. Alinieleza taratibu, kwa kile Kiswahili chake cha kuchagua maneno, kwamba mawe yale yakipata hewa na maji yanatoa ukali, na kwamba wakati wa kiangazi jua linafyonza maji na kuuacha ukali umekauka juu ya mawe. Kisha mvua ya kwanza inakuja, inaukusanya wote na kuuteremsha kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kule siku ya mvua ya kwanza watu wanakinga matone uani kwa masufuria huku wanashangilia, lakini ng'ombe wanafungwa wasishuke korongoni. Mimi mvua niliyoijua ni ya Jangwani, ya kujaa bonde na kufunga barabara, ya kuogopwa ikizidi. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali mvua ndogo, yenye harufu nzuri, ndiyo ya kuogopwa.

Nikamuuliza mbona maji yenyewe ni safi vile. Akasema, "Ni safi kwa sababu hakuna kinachotaka kuishi ndani yake." Kisha tukarudi nyumbani. Njiani alinifundisha kubeba ndoo kichwani.

Najua haya ya mawe na hewa unayajua kwa majina yake ya shule. Sikufundishi kazi. Nakwambia tu ni nani aliyenifundisha mimi, na kwamba alinifundisha bila kunifanya nijione mdogo. Nimeishi na watu wengi, wasomi na wafanyabiashara na wacha Mungu, na wanaoweza kufanya hivyo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwenye akili angekomea hapo, akayaacha ya watu kwa watu. Mimi nilirudi Dar na wazo kichwani. Duka la baba yangu, babu yako Salim, limejaa chokaa, na chokaa inaua ukali. Fundi betri yeyote wa Gerezani akimwaga tindikali anaitupia chokaa. Nikamwandama babu yako miaka na miaka. Yeye anasema chokaa ni ya kuta. Alikuwa bado hajasahau kwamba nimeolewa na mtu wa bara, mfanyakazi wa bandarini aliyeingia dukani kununua chokaa ya kupaka chumba akatoka na binti. Lakini ulipofika darasa la pili alichoka na mdomo wangu, akanipa shehena nzima, bure, ikapakiwa kwenye lori lililokuwa limeleta vitunguu Kariakoo na sasa linarudi tupu. Alisimama hapa hapa barazani akihesabu mifuko kwa tasbihi ili asipotee. Nilicheka siku ile. Sasa nikikumbuka nalia, Mungu amrehemu, maana mzee yule hakuwahi kuniambia ananipenda, aliniambia mifuko imetimia.

Tulikwenda wote watatu, wewe unakumbuka kwa mbali. Wanaume walimwaga chokaa bwawani na kukoroga kwa miti. Maji yakageuka rangi ya kutu, tope likashuka chini, juu yakabaki maji yasiyouma ulimi. Baba yako alikuwa wa kwanza kuonja. Watu wakapiga vigelegele, nami nikajiona tabibu. Wewe wakati huo ulikuwa unakwangua ule unga wa manjano kwenye mawe na kuujaza kwenye ganda la kiberiti, ukarudi nao Dar bila mtu kujua, na siku moja ukauloweka na kutumbukiza humo chetezo cha shaba cha bibi yangu. Nilikuchapa. Juzi nasikia ndicho ulichowasimulia kwenye usaili walipokuuliza ulianzaje kuipenda kemia. Haya, fimbo zangu zimezaa matunda.

Mvua zilipokaribia nikapiga simu kijijini. Nilimwambia bibi yako, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba mwaka ule wasihangaike kufunga ng'ombe, maji yamepona. Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Mvua ya kwanza ikanyesha, ng'ombe wakashuka korongoni, na wawili katika wale wa bibi yako walikufa kabla ya juma kwisha. Wengine waliugua wakakonda.

Chokaa haikuwa na kosa, ilifanya kazi yake. Mimi nilitibu bwawa nikaliacha lundo, na lundo ndilo linalotapika. Tena tope lile la kutu tulilisahau chini, likajaza nusu ya bwawa, ukali mpya ulipokuja haukupata hata pa kutulia. Leo nasikia mtajenga mifereji ya mawe ya chokaa na mabwawa ya kutulizia tope, na pengine mtaacha jua limalize maji yaliyobaki. Hayo ni yenu. Ila mapema kabisa uliza tope litakwenda wapi. Na neno "yamepona" liogope, mwanangu. Waambie watu leo yako hivi, kesho tutapima tena. Watanung'unika kwamba mtaalamu gani huyu hana jibu. Waache wanung'unike.

Nilimpigia bibi yako kuomba msamaha, nimejiandaa kutukanwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ng'ombe ni wangu, na aliyesema yamepona ni mwanangu. Sasa nimkasirikie nani? Njooni." Mimi mkwe, aliniita mwanangu siku ambayo nilistahili jina jingine. Hiyo ikawa mara ya pili ananistiri.

Tukaenda. Baba yako alipanda juu ya nyumba ya mama yake kuipaka. Lile tembe unalijua, paa lake ni udongo, na kila mwaka kabla ya mvua kubwa wanalipaka upya kwa udongo wa kichuguu, wanaukanda, wanaushindilia, wanauwekea mteremko kidogo maji yasisimame. Akiwa kule juu, mikono imejaa udongo, akaligeukia lundo la magwangala akalitazama muda mrefu. Akaniambia, "Lile nalo halina paa."

Ndivyo ilivyoanza. Kama mvua haiingii nyumbani kwa mama yake, kwa nini iingie kwenye mawe? Alianza na ndugu zake, wakaja majirani, kila mwaka kiangazi wanapasua vichuguu, wanabeba udongo, wanaumwaga juu ya lundo na kuushindilia kama paa la tembe. Upande wa juu walichimba mtaro ili maji safi ya mvua yazunguke, yasipite kwenye mawe. Polepole sehemu iliyofunikwa ikaacha kuota unga. Lakini udongo ukipigwa na jua la kule unapasuka, na ufa ukiachwa ni sawa na hakuna paa, kwa hiyo kila mwaka lazima upakwe tena. Na kila mwaka baba yako akipata likizo bandarini, hata siku moja haimkuti Dar.

Na mimi? Mimi nilinuna. Wenzangu waume zao wanawapeleka Tanga na Zanzibar, wangu anaezeka mawe. Waliponiambia ukipenda boga penda na ua lake, niliwajibu boga nimelipenda, lakini ua lina tindikali. Watu walicheka, nami nikapenda wanavyocheka, nikawa nasema hivyo hivyo kila mahali mpaka maneno yakanikaa. Miaka mitano ya mwisho sikwenda naye kabisa. Namfungia chakula cha njiani, namfulia nguo, lakini siendi, wala simuulizi kazi imefika wapi. Akirudi kucha zake zina udongo mwekundu, mimi naleta habari za duka.

Alipougua, uliona mwenyewe, ilikuwa figo, daktari alisema si maji ya kule. Alikuwa kitandani, amenishika mkono, akasema, "Likizo zako zote nilizipeleka kule. Nisamehe." Nikamwambia nimekusamehe. Na nilimsamehe kweli, kwa moyo mweupe, sikubakiza kitu. Akaomba azikwe kwao, tukamzika kwao, wewe ukiwa kidato cha pili. Nilikwenda kwenye arobaini, nikarudi, sikukanyaga tena. Niliona mahali pale pamenichukulia mume akiwa hai na pamemchukua akiwa maiti, basi tumemalizana.

Paa la mawe halikumalizika, unajua. Nusu moja ilikuwa bado wazi, na iliyofunikwa ikakosa wa kuisimamia. Majirani walipaka mwaka mmoja, wa pili wachache, kisha vijana wakahamia mijini. Nyufa zikafunguka. Mwaka jana bibi yako alipiga simu akaniambia kishimo cha juu kabisa pale korongoni, kilicho karibu na lundo, kimeanza kukata maziwa. Wenyewe hawana vipimo kama vyako, wana chai. Vile vishimo ndiyo maji pekee ya kijiji wakati wa kiangazi. Vikiharibika vyote watu watahama, na bibi yako alikwisha kusema yeye hahami, mwanawe amelala pale.

Nilikuambia habari ile jioni tukila, kama umbea tu wa kijijini. Nilidhani utasema masikini bibi. Ukaacha kula. Kumbe hapo ndipo nilipokupoteza, au niseme hapo ndipo ulipojulikana ni binti wa nani. Miezi kadhaa baadaye ukaja na barua ya kazi.

Sasa nikwambie ukweli, maana hizi siku nimekudanganya. Nilikuambia naogopa nyoka, naogopa upweke, naogopa watu wa mradi wanaume watupu. Siogopi kitu katika hivyo. Wewe nyoka atakuogopa. Ninachoogopa ni kwamba utapapenda. Utapapenda kama alivyopapenda yeye, na kila likizo yako nitakuwa nakufungia chakula cha njiani. Nilikuwa na wivu na nchi ile kavu, Rahma, wivu wa mke mwenza, na nilikuwa nimekaa nao miaka yote nikiuita huzuni.

Leo mchana, ulipokwenda kwa fundi kurekebisha begi, bibi yako alipiga. Masikio yake yamekuwa mazito, anapiga kelele kwenye simu mpaka mtaa mzima unasikia. Sikutegemea. Nilidhani anataka kujua unafika saa ngapi, au unakula nini siku hizi. Hakuuliza hayo. Aliniuliza, "Mkwe wangu, umemridhia?" Nikasema tiketi imekatwa, mama. Akasema sikuulizi tiketi. Nikashika brashi nikaipangusa vumbi. Akasema, "Kama hujamridhia usimlete. Maji tutakunywa haya haya."

Mwanamke yule, katika umri ule, kisima kinamharibikia mbele ya macho, mjukuu wake mwenye elimu ya kukiokoa yuko njiani, na yuko tayari kukukosa kuliko kunipokonya. Nilisingizia mtandao nikakata simu. Ukaingia wewe dukani, ukaniomba radhi kwa mara ya tatu, na kwa aibu niliyokuwa nayo sikuweza hata kukutazama, ndipo nikamgeukia yule mteja. Hakutaka kitu kikubwa, alitaka gundi. Ulidhani nimekupuuza. Wallahi sikukupuuza, nilikuwa nakaribia kulia mbele ya mtu wa gundi.

Tangu ulipotoka nimekaa hapa nikimfikiria baba yako. Nilimsamehe, hilo sina wasiwasi nalo. Lakini sikumshukuru. Miaka yote ile mwanaume alitumia mapumziko yake kubeba udongo ili watu wengine wapate maji, na mimi mkewe, niliyelala naye, niliyekuwa na sababu kuliko wote ya kujivuna, nilingoja aniombe msamaha kwa hilo. Akaniomba. Nami nikaupokea kama vile ni haki yangu. Kusamehe kule nilikokuona ni ukubwa kulikuwa kumdhulumu kwa mara ya mwisho, na yeye akafa ananishukuru kwa kumsamehe.

Ninavyo vingi vya kushukuru, mwanangu, na nimechelewa karibu vyote. Namshukuru baba yangu kwa mifuko iliyotimia. Nawashukuru wale wanawake wa foleni niliowaita washamba, ambao hakuna hata mmoja aliyenitania waliposikia nilikoteka. Namshukuru mama mkwe wangu, na yeye sijui nitamshukuruje, kwa sababu kila nikikaribia kumlipa ananistiri tena. Kariakoo hii naishukuru kwa yote ya makelele yake, imetulisha na imekusomesha. Na nashukuru kwamba katika nyumba yangu ya watu wa kuuza chokaa alitoka mtoto aliyeuliza chokaa inakwenda wapi.

Nimesita kidogo hapa, nimempigia bibi yako. Ilibidi nami nipige kelele, nadhani hata wauza viatu wa upande wa pili wamesikia. Nimemwambia, "Mama, nimemridhia." Akanitaka nirudie, nikarudia. Akasema alhamdulillahi, akakata simu pale pale bila kwaheri, kama kawaida yake, nikabaki nacheka peke yangu humu ndani.

Kwa hiyo usiku huu ukirudi sitasubiri uniombe mara ya nne. Lakini nimeandika, maana najua nikifungua mdomo nitaharibu, nitakuuliza kama umekula. Radhi zangu zote unazo, za unyonyeshaji na za uchungu, za dunia na za akhera, sikubakiza hata moja ya kukufungia mguu. Papende kadiri utakavyopapenda. Kaa kadiri kazi itakavyokuhitaji. Mimi nitakuja huko kiangazi hiki kumzuru baba yako, kuna neno nilichelewa kumwambia.

Yeye aliniomba msamaha, nami nikampa. Wewe, Rahma, kwangu huna cha kusamehewa. Wewe nakushukuru.

Mama yako